Kona Iliyonyooshwa

Jumamosi iliyopita nilikuwa naanika nguo nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Eldoret, mtaa wa West Indies, niliposikia ngurumo ikitoka upande wa mjini. Nilidhani ni lori la mawe. Kumbe zilikuwa pikipiki, msururu mzima, zile kubwa za matairi manene, na waendeshaji wamevaa jaketi za kufanana na helmeti zenye vioo vyeusi. Jirani yangu wa mlango wa pili, msichana anayefanya kazi benki, aliniambia hicho ni kilabu. Wanatoka asubuhi, wanazunguka barabara za udongo wa murram huko mashambani mchana kutwa, jioni wanarudi. "Aki wanabamba," akasema. "Nikipata yangu, naingia pia." Watoto wa ploti wakakimbilia getini kuwapungia mikono. Mimi niliingia ndani nikafunga dirisha, nguo nikaziacha kwenye beseni zikiwa mbichi.

Usinicheke, rafiki yangu. Umenijua miaka mingi lakini hili sijawahi kukusimulia, kwa sababu ukianza kulisimulia lazima uanzie pale palipokuwa patamu, na utamu wake ndio unaonikaba.

Siku hizi boda boda zimejaa kila mahali, hata mtoto wa chekechea anapelekwa shule kwa pikipiki. Nilipokuwa mdogo, kijijini kwetu upande wa Moiben, pikipiki zilikuwa chache na wenye nazo walijulikana hata na mbwa. Baba alikuwa na moja kwa sababu ya kazi. Alitibu ng'ombe wa wanachama wa ushirika wa maziwa, na ingawa hakuwahi kusomea udaktari, ng'ombe akivimba tumbo hakuna aliyemwuliza cheti. Alikuwa Daktari. Jirani yetu wa ng'ambo ya ua, mwenye posho mill ya kusaga mahindi, alikuwa na pikipiki kubwa kuliko zote. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na yake nzee ya kijani. Wa nne alikuwa fundi, mtu wa Kakamega aliyehamia Eldoret na kufungua karakana mtaa wa Huruma, katika kibanda alichopangishwa na huyo huyo jirani yetu. Baba ndiye aliyemleta fundi kwenye kundi, baada ya fundi kumtengenezea klachi siku moja huku wakicheka kama watu waliozaliwa tumbo moja.

Hawakuwa na jina wala jaketi. Walijiita Kilabu tu. Kila Januari, mahindi yakishaingia stoo na kabla shule hazijafunguliwa, walitenga siku moja ya kuendesha pamoja, bila kazi, bila mzigo, kutoka kwetu hadi kule ambapo nchi tambarare inakatika ghafla na Bonde la Kerio linafunguka chini yake. Wanawake wengine kijijini walisema huo ni utoto. Nyanya, mamake Baba, alisema mwanaume asiyecheza huwa mkali nyumbani kwake, waacheni waende.

Kazi yangu ilikuwa kuosha pikipiki ya Baba siku moja kabla. Nilipewa brashi ya kuoshea mitungi ya maziwa, kitambaa, na mafuta ya taa kidogo kwenye kopo, nikakaa kwenye nyasi kusugua spoku moja moja mpaka vidole vikanuka kama chemli. Baba hakukagua. Alipita tu, akatazama, akasema, "Sasa hii inaweza kwenda kanisani." Nilikuwa nalala na hayo maneno.

Safari ilianzia kwetu kwa ajili ya chai ya Nyanya. Hiyo chai, rafiki yangu, sijaipata tena mahali popote: maziwa matupu na majani, imechemkia kwenye kuni mbichi kidogo mpaka ikashika moshi. Kando yake aliweka viazi vya kuchemsha, chapati zilizofunikwa kwa kitambaa, na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kulaza yenye rangi ya kijivu kwa makaa ya mti. Januari kwetu asubuhi ni baridi inayouma masikio. Pikipiki ziliingia moja moja na sisi watoto tulizijua kwa mlio kabla hazijafika: ya Mwalimu ilikohoa, ya fundi iliimba nyembamba kama cherehani, na ya jirani ilitikisa vikombe mezani. Jirani ndiye aliyeitwa Kapteni, kwa ukubwa wa pikipiki yake na ukubwa wa sauti yake, na ndiye aliyetangulia daima.

Lakini sheria zilikuwa za Baba. "Mtu asimpite mwenzake," alikuwa akisema huku akivaa glavu. "Na kwenye njia panda, ngoja mpaka uone vumbi la aliye nyuma." Walimcheka, wakamwiga sauti, kisha wakafuata.

Mwaka ule nilikuwa naingia darasa la sita. Nilikuwa nimelia tangu Krismasi nikitaka kwenda, na Mama akachoka, akasema nendeni naye basi, lakini akirudi na kikohozi mtamlea ninyi. Nyuma ya pikipiki ya Baba palikuwa na sanduku la chuma la dawa, limefungwa kwa nati, kwa hivyo nikapandishwa nyuma ya Mwalimu. Nilivaa sweta mbili na gamubuti za kakangu. Nilijiona malkia.

Tulipita mashamba ya ngano yaliyobaki mabua tu, tukapita ua wa misonobari unaonuka utomvu, watoto wakining'inia kwenye malango kutupungia. Murram ya Januari ni laini kama unga na inapenya kila mahali, kwenye meno, kwenye nyusi. Kokoto ziliruka na kugonga gamubuti zangu. Kwenye kila njia panda Kapteni alisimama, tukasimama, tukangoja mpaka fundi atokee mwisho, mweupe wa vumbi kama mzimu, akicheka.

Kwenye ukingo wa bonde tulizima injini, na ule ukimya ukanijaa masikioni. Chini kabisa kulikuwa na nchi nyingine, ya joto, ya rangi ya buluu. Tulikula viazi vilivyopoa na chumvi. Baba alinisimamisha mbele yake akanishika mabega. "Angalia vizuri," akaniambia. "Haya ndiyo tunayokuja kuona. Hakuna kingine." Mwalimu alikariri shairi alilolitunga mwenyewe kuhusu pikipiki yake nzee na wote wakacheka mpaka machozi. Kapteni aligawa pipi. Nakuambia ukweli, siku hiyo niliwapenda wote.

Wakati wa kurudi tulisimama kwenye kituo kidogo cha maduka. Mwaka huo Kapteni alikuwa anatafuta udiwani, na akasema kuna watu wake wa kura anaenda kuwasalimia. Aliwasalimia ndani ya baa. Tulimngoja sana. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na alikosa kiki ya kuwashia pikipiki mara mbili.

Baba akamwendea. "Leo acha nitangulie mimi," akamwambia kwa upole. "Wewe kaa nyuma, upumzike."

"Daktari," Kapteni akacheka, "umeniona ng'ombe?"

"Nimekuona ndugu yangu. Kaa nyuma."

Akakaa nyuma. Baba mbele, halafu Mwalimu na mimi, halafu fundi, halafu yeye. Tulikwenda hivyo kitambo, na nikafurahi kuuona mgongo wa Baba mbele yetu. Kisha nikasikia ule mlio mzito unakuja. Alimpita fundi. Alitupita sisi karibu sana, goti lake likakwaruza langu, na nikaona meno yake, anacheka. Mbele kulikuwa na kona kali iliyozibwa na miti ya miwati. Alifika kando ya Baba pale pale konani, na pale pale trekta ikatokea na trela la mahindi. Kapteni alikata kumwepa mwenye trekta, akamsukuma Baba mtaroni. Mtaro ulikuwa na daraja dogo la saruji. Mguu wa Baba ulibanwa kati ya saruji na ile pikipiki niliyokuwa nimeisugua jana yake.

Hakupiga kelele. Aliniita jina tu, kujua niko wapi.

Walimlaza juu ya magunia kwenye trela kumpeleka hospitali mjini, na fundi akapanda naye, amemshika kichwa. Tulibaki Kapteni, Mwalimu na mimi kando ya barabara. Kapteni alikuwa amelevuka kabisa. Alimtazama Mwalimu na kumwambia polepole, kama mtu anayefundisha, "Daktari alitaka kunipita. Ndivyo ilivyokuwa, Mwalimu. Si ndivyo?"

Kapteni alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwalimu aliangalia viatu vyake. "Ndivyo," akasema.

Nikasema, "Si kweli. Ni wewe ulimpita Baba."

Kapteni alichuchumaa mbele yangu. Kope zake zilikuwa na murram. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama," akaniambia, "wewe uliona vumbi. Vumbi tu."

Mguu ulikatwa juu ya goti. Baba alipotoka hospitali, viongozi wa ushirika walikuja nyumbani kuamua kama atarudishwa kazini, labda kwenye kituo cha kupimia maziwa, ambako mtu angeweza kufanya kazi akiwa ameketi. Walikaa kwenye viti vyetu vya sebuleni. Baba alieleza yaliyotokea, mara moja, kwa utulivu. Kapteni akaeleza yake. Fundi alipoulizwa, alisema alikuwa nyuma sana na hakuona kwa vumbi, na aliposema hivyo alikuwa anatazama mlango. Dereva wa trekta alikuwa kibarua wa msimu, amesharudi kwao, na hakuna aliyejisumbua kumtafuta.

Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nililiweka chini nikasema yote, goti lililokwaruza langu, meno, kona, kila kitu. Mwenyekiti wa ushirika akamgeukia Mwalimu.

"Mtoto ana uchungu wa babake," Mwalimu akasema. "Njia yote alikuwa ameficha uso mgongoni mwangu. Hangeweza kuona."

Huyo ndiye mtu aliyetufundisha methali. Huyo ndiye aliyetuchapa kwa kusema uongo.

Ushirika ukaamua kwamba mtu aliyejivunja kwa mashindano ya barabarani hawezi kurudishwa. Sanduku la chuma likachukuliwa. Shuleni nilikaa dawati la mbele, kama zamani, na Mwalimu hakunichapa wala kunitukana. Hakuniuliza swali tena, basi. Niliinua mkono mpaka kwapa likauma, macho yake yakanipita na kwenda dirishani. Darasa la sita, la saba, la nane. Mwisho niliacha kuinua.

Januari iliyofuata, Baba alimwomba Mama aandae chai ya Kilabu. Mama alimtazama kama mtu asiyemwelewa, akachukua jembe akaenda shambani kusikokuwa na kazi. Nyanya ndiye aliyewasha moto. Aliichemsha chai vile vile, akapika viazi vile vile. Baba alinyoa ndevu, akavaa koti lake la safari, akajikokota kwa magongo hadi getini, akakaa kwenye kigoda. Mimi nilisimama naye.

Tulizisikia. Hazikuwa zinakuja. Zilikuwa zinapita ng'ambo, kwenye kilima cha pili, na tukaona vumbi likiinuka juu ya miti na kwenda, na kwenda, mpaka likaisha.

"Wamebadilisha njia," Baba akasema. "Hii yetu ina mashimo siku hizi."

Barabara yetu haikuwa na mashimo. Nyanya aliwaita watoto wa majirani wakanywa chai yote, na alipokuwa anasuuza sufuria nilimsikia akisema peke yake, kwa lugha yetu, kwamba ni heri adui anayepita mlangoni kwako kuliko rafiki anayezunguka.

Mwaka uliofuata Baba aliketi tena pale. Na uliofuata. Halafu Januari moja hakunyoa, na hakuna aliyemkumbusha.

Unaniuliza kama hakuna hata mmoja aliyekuja? Fundi alikuja. Mara moja moja, siku ambayo Kapteni yuko mbali, alitokea na mfuko wa vifaa, akarekebisha magongo, akaweka mpira mpya chini, akamtengenezea Baba kiti chenye magurudumu ya baiskeli. Walizungumza habari za mvua na bei ya vipuri. Kilichotokea hawakukigusa kamwe. Mama alimpa chai bila kumtazama usoni.

Kapteni alipata udiwani. Jambo la kwanza alilotufanyia ni kuleta grader na kunyoosha ile kona. Walikata miwati, wakafukia mtaro, wakang'oa daraja lile la saruji, na barabara ikawa moja kwa moja kama rula. Watu walimshangilia. Kanisani aliombewa. Tangu siku hiyo, hata mtu angetaka kwenda kutazama ilivyokuwa, hapakuwa na kitu cha kutazama.

Baba alifariki nikiwa mtu mzima, nina cherehani zangu mjini na watoto wangu. Nyanya alikuwa ametangulia. Siku ya mazishi tulisikia ngurumo barabarani, na safari hii zilikuja kweli. Kilabu kilikuwa kimekua. Kulikuwa na vijana wenye pikipiki mpya, vitambaa vyeusi vimefungwa kwenye usukani, na mbele yao Kapteni ndani ya gari, kwa kuwa umri ulikuwa umemkataza kuendesha. Walitaka kusindikiza jeneza kwa mlio wa injini.

Mama alitembea hadi getini akasimama katikati. "Zimeni hizo vitu," akasema. "Ingieni kwa miguu kama watu."

Kapteni akashuka, kofia mkononi. "Mama, tumekuja kumheshimu ndugu yetu."

"Alikuwa hapa hapa getini miaka hiyo yote. Mngemheshimu akiwa ameketi."

Wakazima. Wakaingia kwa miguu. Lakini mtu mkubwa ni mtu mkubwa, na mwongozaji wa shughuli akampa Mheshimiwa maiki. Alisema vizuri, sitadanganya. Alisema Daktari alikuwa moyo wa Kilabu. Alisema alipenda mbio kupita kiasi, na kwamba ile ajali aliyojitafutia ilimfundisha unyenyekevu, na kwamba yeye, Kapteni, alimsamehe zamani.

Fundi akasimama kule nyuma. Alikuwa amekonda, mvi kichwa kizima. Alikuja mbele akachukua maiki kutoka mkononi mwa Kapteni, bila fujo, kama anayepokea spana.

"Mheshimiwa, hapana," akasema. "Leo hapana. Wewe ndiye ulimpita kwa kona, ukiwa umelewa. Mimi nilikuwa nyuma yako, niliona. Mwalimu aliona. Huyu msichana aliona na akasema, na sisi tukamfanya mwongo. Nilinyamaza kwa sababu kibanda changu ni chako na watoto wangu walikuwa wadogo. Daktari alijua nimenyamaza, na bado alinipokea kwake. Hiyo ndiyo nilitaka..."

Maiki ikazimika. Sijui nani alimpa ishara kijana wa vyombo vya sauti. Midomo ya fundi iliendelea kusogea kidogo, halafu mchungaji akasimama na kuanzisha wimbo, na umati wote ukaudaka kwa nguvu, kama watu waliokuwa wanangoja ruhusa. Mwalimu, mstaafu sasa, alikuwa safu ya mbele. Aliimba sauti ya pili, vizuri kama alivyotufundisha. Mawingu yalikuwa yanajikusanya na watu wakataka jeneza literemshwe mapema.

Wakazika. Wakapanga foleni ya chakula. Kapteni alikula, akanawa, akampa Mama mkono wa pole, akaenda zake. Nilimngoja mtu mmoja aje aniambie, kumbe ulisema kweli. Mtu mmoja tu. Waliniambia wali umeiva vizuri.

Jioni nilimwambia Mama kwamba angalau imesemwa. Alikuwa anakusanya sahani. "Mvua ya baada ya mavuno," akanijibu. "Haikuzi kitu. Inaozesha tu yaliyo shambani." Kabla ya mwezi kwisha fundi alikuwa ametolewa kwenye kibanda chake, na sasa anafanyia kazi kando ya barabara huko Huruma, chini ya turubai. Nikipita humsalimia. Hatuna mengi ya kusema.

Siku hizi barabara yetu ni lami. Posho mill ilifungwa, ushirika ulikufa, na mashamba ya ngano yanakatwa ploti. Mwalimu alizikwa kwa sifa, na darasa jipya likapewa jina lake. Watoto wa kijijini hawajui kumngoja mtu kwenye njia panda. Hakuna vumbi la kutazama, na kila mmoja anaenda na haraka yake. Nikiwaambia kwamba hapo zamani wanaume wanne walikuwa wakisimama wakangojana mpaka wa mwisho atokee, wananiona kama ninayesimulia hadithi za sungura. Na mimi siwezi kuwalaumu, kwa maana sijui kama lilikuwa jambo la kweli au tulilicheza tu mpaka likatuchosha.

Mama bado yuko kule. Mara moja kwa wiki huja mjini kuniletea maziwa, anakaa dirishani kwenye gari, mkoba mapajani. Gari likikaribia pale palipokuwa na kona, hufumba macho, na huyafungua wakishavuka. Abiria wenzake hudhani amesinzia.